Wahandisi kwenye Daftari la Kodi: Tangu Forodha ya Kilwa hadi Gesi ya Songo Songo

Mhariri wa jarida hili ameniomba makala ya historia, akaniachia mwenyewe nichague mada. Nimechagua jambo ambalo huulizwa kila tunapokutana: "Wewe ulikwenda Mlimani kusomea uhandisi wa kemikali, imekuwaje ukaishia kwenye kodi?" Swali hilo lina haki ya kujibiwa, kwa sababu katika fikira za wengi kodi ni kazi ya wahasibu na wanasheria, na mhandisi mahali pake ni kiwandani, barabarani au mgodini. Jibu langu ni kwamba katika pwani hii yetu, tangu Kilwa hadi Lindi, kodi nzito nzito zimetozwa aghalabu juu ya vitu ambavyo mtu asiyevijua hawezi hata kusema anatoza nini. Zamani ilikuwa dhahabu. Leo ni gesi, na hata utafiti wenyewe.

Tuanze Kisiwani. Wengi wetu tumevuka kwa mashua kutoka Masoko, tukatembezwa kwenye Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, tukapiga picha, tukarudi kula samaki. Tuliambiwa kwamba Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji kwa uzuri wake. Jambo ambalo mgeni haonyeshwi, kwa kuwa halina ukuta wala kuba, ni ushuru. Na ushuru ndio uliojenga kuta na kuba zile. Kilwa haikuwa na mgodi hata mmoja wa dhahabu. Dhahabu ilichimbwa bara ya mbali huko kusini, ikateremshwa Sofala, na Kilwa ilikuwa imeishika njia.

Taarifa moja ya Wareno ya mwanzoni mwa karne ya 16 inaeleza jinsi utaratibu ule ulivyokuwa. Mfanyabiashara aliyetaka kuingia mjini alilipa mithkali moja ya dhahabu, yaani kama gramu nne na robo, kwa kila vitambaa 500 alivyoleta, bila kujali ubora wake. Kisha mfalme alichukua theluthi mbili za bidhaa. Theluthi iliyobaki ilithaminiwa, na kwa kila thamani ya mithkali 1,000 mwenye mali alilipa 30. Akifika Sofala alitoa kitambaa kimoja katika kila saba. Wakati wa kurudi alilazimika kupitia tena Kilwa, na hapo alilipa mithkali 50 kwa kila 1,000 za dhahabu aliyokuwa nayo. Chukueni penseli mfanye hesabu. Mtu aliyekuja na vitambaa 1,500 alilipa mithkali tatu mlangoni, akabakiwa na vitambaa 500, na kati ya hivyo vipatavyo 71 vikaishia Sofala kabla hajauza hata kimoja. Na bado walikuja! Faida ya dhahabu lazima ilikuwa kubwa mno.

Mimi huitazama taarifa ile kwa jicho la kazi yangu, na jicho hilo huona tofauti kati ya hatua moja na nyingine. Hatua ya kwanza, ile ya vitambaa 500, mtoto anayejua kuhesabu angeweza kuifanya. Lakini hatua ya kuthamini inadai mtu anayekijua kitambaa: hiki ni pamba nzito, kile ni hariri, hiki kimelowa maji ya bahari kikakaushwa. Na hatua ya mwisho inadai zaidi, maana dhahabu ya vumbi huweza kuchanganywa na mchanga au shaba, na mizani yaweza kusema uongo. Majina ya watu waliosimama kwenye mizani ile hatunayo. Tunayo majina ya masultani, tena yamechorwa kwenye sarafu zao za shaba, ambazo chache zimeokotwa hata Australia (zilipatikana mwaka 1944 katika visiwa vya kaskazini, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje). Bwana mizani hakuchorwa popote. Hata hivyo mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida walipouteka mji na kujenga ngome, walidhani wamelinyakua bomba la dhahabu. Mwaka 1512 waliiacha ngome, wakaondoka. Biashara ilikuwa imekwisha kutafuta njia nyingine.

Sura ya pili ya habari hii si ya kujivunia, lakini haifai kuirukia. Karne ya 19 forodha za pwani zilikuwa mali ya Sultani wa Unguja, naye alizikodisha kwa mfanyabiashara amlipaye fungu moja kwa mwaka. Kwa miaka mingi mkodishwaji alikuwa nyumba ya Jairam Shivji. Kilwa Kivinje ilikuwa ndiyo bandari kubwa ya kusafirisha watumwa. Kamati ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1871 ilipokea hesabu za forodha ya Kilwa: tangu 1862 hadi 1867, katika miaka mitano tu, watumwa 97,203 walipitishwa pale. Mwaka wa 1865 hadi 1866 peke yake walikuwa 22,344. Tazameni jinsi hesabu ilivyo kamili hadi tarakimu ya mwisho. Karani wa forodha alikuwa hodari. Hakukosea kujumlisha, na kila kichwa kilikuwa na ushuru wake. Ninapowaeleza vijana wanaoanza kazi ofisini kwetu kwamba daftari safi si sawa na kazi njema, hesabu hiyo ndiyo ninayowatajia.

Wajerumani nao walikuja na kodi ya aina nyepesi kuliko zote, ile ya nyumba iliyoanza mwaka 1898. Kodi ile haikuhitaji elimu yoyote. Askari alihesabu mapaa. Hayo pamoja na pamba ya kulazimishwa yalizaa kule Nandete, katika vilima vya Umatumbi, moto wa Julai 1905 ambao kila mwanafunzi wa shule yetu anaujua kwa jina la Maji Maji. Sitaongeza hapo.

Nitakaa kidogo Tendaguru, kwa sababu ni jirani na Lindi na kwa sababu habari yake inagusa mada yangu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1906 mhandisi wa migodi, Bernhard Sattler, aliyekuwa kazini kwa kampuni ya kutafuta madini, aliona mifupa mikubwa imetokeza ardhini, kama kilometa 60 kaskazini magharibi ya Lindi. Kampuni ilitafuta vito, naye angeweza kuipita. Aliandika taarifa. Kutokana na taarifa ile jumba la makumbusho la Berlin lilileta safari ya uchimbaji tangu 1909 hadi 1913, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na zaidi ya tani 200 za mifupa zikabebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Mnyama aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Wengi wanalijua hilo. Wachache wanamjua Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji. Mikono yake ndiyo iliyojifunza kuutoa mfupa wa mamilioni ya miaka bila kuuvunja, na wengine wakajifunza kwake. Mwaka 2007 mwanasayansi mmoja alimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kwa kumheshimu. Heshima imekuja baada ya karibu miaka mia, lakini imekuja.

Nimemtaja Boheti kwa sababu utafiti una watu wa namna mbili: anayejua anachotafuta kwa kusoma, na anayekijua kwa kukishika. Serikali inapokagua utafiti haina budi kuwajua wote wawili. Nitarejea kwenye jambo hilo mbele, kwenye chumvi.

Baada ya Uhuru, Serikali iliunda Shirika la Maendeleo ya Petroli mwaka 1969, na mwaka 1974 kampuni ya AGIP ya Italia ilitoboa kisima katika kisiwa cha Songo Songo, wilaya ya Kilwa, ikakuta gesi. Waitalia walitafuta mafuta. Gesi hawakuiona kuwa ni mali ya kuwabakiza. Serikali iliendelea kuchimba visima hadi mwanzoni mwa miaka ya 80. Wazee wetu watakumbuka habari za kiwanda cha mbolea kilichokusudiwa kujengwa Kilwa wakati ule, ambacho hakikujengwa. Gesi ikakaa chini ya bahari miaka 30. Hatimaye mwaka 2004 ilianza kusafiri: kilometa 25 chini ya maji hadi Somanga Fungu, kisha kilometa 207 nchi kavu hadi Dar es Salaam, kufua umeme Ubungo na kuchoma saruji Wazo.

Mwaka huo huo wa 2004 Bunge lilikuwa limetunga Sheria mpya ya Kodi ya Mapato. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini kwa mtu wa fani yangu yalikutana, na ndipo wahandisi walipoanza kutakiwa kwenye daftari la kodi.

Wanafunzi, hebu tupime gesi. Mahindi hupimwa kwa kilo, kitambaa kwa mita, mafuta ya taa kwa lita. Gesi je? Mmefundishwa kanuni ya Boyle na kanuni ya Charles: gesi ile ile ikibanwa hupungua ujazo, ikipashwa joto huongezeka. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ameuza futi za ujazo milioni moja za gesi, hajakuambia kitu mpaka ataje presha na joto la kipimo. Kwenye bomba huwekwa bamba lenye tundu. Gesi ikipita tunduni presha hupungua, na kutokana na tofauti ya presha kabla na baada ya bamba hukokotolewa kiasi kilichopita. Tundu likilika kidogo ukingoni, mita husoma pungufu. Kipima joto kikikosea nyuzi chache, hesabu hukosea. Isitoshe, bei huenda na nguvu ya joto iliyomo katika gesi, na hiyo hujulikana kwa kuichambua gesi yenyewe maabara. Mhasibu hodari kuliko wote nchini ataipokea tarakimu ya mita kama alivyopewa, ajumlishe bila kosa, na jumla iwe si kweli. Yule karani wa Kivinje alikuwa mhasibu wa namna hiyo.

Hilo ni upande wa mapato. Upande wa gharama ndio mgumu zaidi. Chini ya mikataba ya kugawana uzalishaji, kampuni inayoendesha kisima hujirudishia kwanza gharama zake kutoka kwenye mapato ya gesi, kwa kiwango kilichokubaliwa, na kinachobaki ndicho hugawanywa kati yake na Taifa. Basi kila shilingi inayoandikwa gharama huchelewesha au kupunguza fungu la Taifa. Mwaka 2011 Bunge lilijadili taarifa ya kamati yake kuhusu Songo Songo, kwa kuwa ukaguzi wa Shirika la Petroli ulikuwa umetilia shaka gharama za mamilioni ya dola ambazo kampuni ya PanAfrican Energy ilikuwa imejirudishia. Kampuni ilikanusha, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Mimi sitoi hukumu. Ninachotaka mkione ni aina ya maswali yaliyokuwemo ndani ya ugomvi wa namna ile. Gharama hii ni ya kisima kipi? Ilikuwa ya lazima? Kuna visima vya Songo Songo ambavyo mabomba yake ya ndani yaliliwa na kutu, vikabidi kusimamishwa. Kung'oa bomba lililooza na kuweka jipya la aina ile ile ni matengenezo. Kuchunguza kwa nini limeoza na kujaribu madini mengine ni uchunguzi. Kuchimba kisima kipya kando yake ni rasilimali. Karatasi ya madai yaweza kuwa moja, na kodi ikawa tatu tofauti. Atakayeisoma karatasi hiyo lazima ajue kutu ni nini.

Nao wakazi wa Kilwa wana fungu lao katika jambo hili. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Asilimia 0.3 ni ndogo kusikika. Lakini kwa mweka hazina aliyekaa Kilwa Masoko, ambaye anataka madawati na zahanati, si ndogo, na mauzo yenyewe yameandikwa katika vitabu vilivyoko Dar es Salaam, kwa vipimo nilivyovieleza hapo juu.

Ili tusidhani kwamba haya ni ya gesi na ya Kilwa tu, tutoke pwani kidogo twende kwenye dhahabu ya kanda ya Ziwa. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha Wakala wa Ukaguzi wa Madini, ambamo wajiolojia na wahandisi wa migodi walikaa na wahasibu chini ya paa moja. Ulivunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikaenda kwa Tume ya Madini. Mwaka huo huo makontena 277 ya makinikia yalizuiliwa bandarini Dar es Salaam, na Rais Magufuli akateua kamati ya wanasayansi chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, mjiolojia. Walisema kila kontena lina wastani wa kilo 28 za dhahabu, jumla tani 7.8. Kampuni ya Acacia ilikataa, ikasema kiasi hicho ni mara nyingi kuliko kilichomo. Taifa zima likawa linabishana juu ya gramu kwa tani! Sokoni Lindi nilimsikia muuza pweza anauliza sampuli zilichukuliwa juu ya kontena au chini. Swali lake lilikuwa ndilo hasa, maana ugomvi wa vipimo huanzia kwenye uchukuaji wa sampuli. Ikafuata kamati ya wachumi na wanasheria chini ya Profesa Nehemiah Osoro, na mazungumzo, na mwaka 2020 mkataba na Barrick ulioipa Serikali asilimia 16 ya hisa. Mpangilio ule wa kamati mbili, sayansi kwanza na fedha baadaye, kwa maoni yangu ulikuwa sahihi, hata kwa mtu asiyekubaliana na tarakimu zake.

Sasa nifike kwenye utafiti, ambako ndiko kazi yangu ya kila siku iliko kwa miaka ya karibuni. Nchi nyingi hupunguza kodi kwa kampuni inayotumia fedha kutafuta maarifa mapya. Marekani ilianza punguzo lake mwaka 1981. Uingereza iliweka lake kwa kampuni ndogo na za kati mwaka 2000, na kwa kubwa mwaka 2002. Kigezo cha Waingereza chapendeza kukifahamu: haitoshi kusema nimejaribu jambo jipya kwangu, lazima pawepo fumbo la kisayansi au la kiufundi ambalo hata mtaalamu wa fani ile asingeweza kulifumbua kirahisi. Nani atasema kwamba fumbo lilikuwepo? Mhasibu hawezi. Kwa hiyo huko ikazuka kazi mpya kabisa: wahitimu wa fizikia, kemia na uhandisi wanaajiriwa na ofisi za washauri wa kodi, wanakwenda viwandani, wanakaa na mafundi, kisha wanaandika kwa lugha ya kodi yale ambayo fundi aliyaona kuwa ni shughuli za kawaida. Kanada iliweka wanasayansi upande wa pili pia, ndani ya mamlaka ya kodi, wayapime madai hayo. Uingereza ilichelewa kutilia mkazo upande huo, na matokeo yake mamlaka ya kodi ilikadiria kwamba katika mwaka wa fedha 2020–21 zaidi ya paundi bilioni moja za punguzo hilo zilikwenda kwa makosa na udanganyifu. Washauri wengine hawakuwa wanasayansi hata kidogo. Walikuwa wapiga simu.

Hapa kwetu, Sheria ile ya 2004 inaruhusu gharama za utafiti na uendelezaji wa biashara zikatwe kwenye mapato kabla kodi haijakokotolewa, isipokuwa gharama ya mali kama mitambo na magari, ambayo ina utaratibu wake wa kupunguzwa thamani. Kodi ya kampuni ikiwa asilimia 30, kila shilingi mia zinazokubaliwa huokoa shilingi 30. Kifungu hiki hakijulikani sana. Wakubwa wanakitumia, wadogo hawakijui.

Nitatoa mfano. Sheria yanifunga mdomo kuhusu majina, hivyo nimeficha yanayopasa kufichwa. Mwenye mashamba ya chumvi mmoja katika pwani yetu alileta hesabu zenye mstari mmoja tu: "utafiti", na mbele yake fungu zuri la fedha. Mkaguzi wa awali alitaka kulikataa lote, na kwa karatasi ile alikuwa na haki. Kisha mwenye chumvi akamtafuta mshauri, na mshauri aliyekuja alikuwa mtu wa shule hii hii, tuliyekaa naye bweni moja, naye kasomea kemia. Tulisalimiana kama wageni, kwa kuwa kazi ni kazi.

"Bwana Mkaguzi," akaniambia, "nakuomba tusikae hapa mezani. Twende majini."

Tulikwenda. Mnajua chumvi inavyopatikana: maji ya bahari huingizwa mabwawani, jua linayakausha hatua kwa hatua. Kwanza huanguka chokaa na jasi. Maji yakifika kama nyuzi 25 za kipimo cha Baumé, chumvi ya kula huanza kuganda. Lakini usipoyamwaga maji yaliyobaki yafikapo karibu nyuzi 29 au 30, chumvi nyingine za magnesi nazo huganda, na chumvi yako inakuwa chungu, inavuta unyevu, haiuziki. Mwenye shamba alikuwa na mabwawa sita madogo ya majaribio, yenye vina mbalimbali, mengine yametandikwa plastiki, mengine udongo mtupu. Alitaka kujua ni kina gani na sakafu gani kwa udongo wa pale na upepo wa kusi ungetoa chumvi safi kabla mvua haijaanza. Jambo hilo halimo kitabuni, kwa kuwa kitabu hakijui udongo ule.

"Ushahidi uko wapi?" nikauliza.

Yule rafiki yangu hakujibu. Alimwita msimamizi wa mabwawa, mzee aliyeishia darasa la saba, akamwambia, "Mzee wangu, mletee mgeni daftari lako." Likaja daftari la shule, limevimba kwa chumvi. Ndani yake kila asubuhi ya misimu miwili ya kiangazi imeandikwa tarehe, namba ya bwawa, kina cha maji na nyuzi za kipimo. Siku za mvua zimeandikwa "mvua". Siku aliyokuwa msibani imeachwa wazi, hakuijaza kwa kubuni. Nilimwamini kwa zile siku zilizo wazi kuliko kwa zilizojazwa.

Mle ndani ya fungu lile la "utafiti", kama ilivyo desturi, mlikuwamo pia pikapu mpya na matengenezo ya barabara ya kwenda shambani. Tulibishana mchana kutwa. Mshauri alilitetea gari kwamba lilibeba mabomba ya majaribio. Nikamwambia limebeba pia harusi. Hatimaye mabwawa sita, plastiki, vipimo na mishahara ya waliopima vilikubaliwa kuwa utafiti. Gari likaenda kwenye utaratibu wa mali, barabara kwenye matengenezo. Mwenye chumvi alipata nafuu kubwa kuliko aliyoitegemea baada ya kukataliwa mara ya kwanza, na Serikali haikupoteza isichostahili kupoteza. Laiti mmoja kati yetu wawili asingeisoma kemia, mambo yangemalizika kwa kukataa yote au kukubali yote, na mara zote mbili mtu angedhulumiwa.

Huulizwa kama si usaliti kwa kijana aliyesomeshwa kwa kodi za wakulima wa korosho kwenda kuisaidia kampuni ipunguze kodi. Sioni hivyo, maadamu anasema kweli. Mwenye chumvi naye ni mkulima wa namna yake. Wasiwasi wangu ni mwingine, nao ni wa hesabu ya watu. Ofisi za washauri hulipa vizuri, na vijana wazuri wakitoka Kitivo cha Uhandisi huchukuliwa mapema. Upande wetu unabaki na wachache. Tangu mwaka 2010 gesi nyingi imegunduliwa katika bahari kuu mbele ya Lindi na Mtwara, inayokadiriwa futi za ujazo trilioni zaidi ya 47, na eneo la Likong'o, pale pale Lindi mjini tunapopita, limetengwa kwa ajili ya mtambo wa kuigeuza kuwa kimiminika. Mazungumzo yamechukua miaka mingi. Siku mtambo huo utakapojengwa, madai ya gharama yatakayoletwa yatakuwa makubwa kuliko yote yaliyopata kuonekana nchini, na mengi yataitwa utafiti, teknolojia, usanifu. Upande mmoja wa meza tayari najua watakaa wahandisi hodari kutoka London, Oslo na Dar es Salaam. Upande wa pili nawahesabu kwa vidole, na baadhi ya vidole vinakaribia kustaafu.

Kwa wanafunzi wa sayansi wa shule yetu nina ombi la vitendo. Katika maabara yenu andikeni tarehe kila mnapopima, na jaribio likishindikana liandikeni kwamba limeshindikana. Someni fizikia ya gesi kwa bidii kuliko mtihani unavyodai. Wala msiidharau hesabu ya biashara. Mimi niliisoma ukubwani, kwa taa, baada ya kazi. Nafasi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma.

Mwalimu wa fizikia akipenda kuwaelewesha wanafunzi wa vidato vya juu jinsi gesi inavyopimwa, niko tayari kuja na bamba la zamani la mita, lenye tundu lililolika, niwaonyeshe. Aniandikie kupitia kwa Mhariri, na anitajie tarehe isiyogongana na mitihani.